Maswali yenu: umepewa CD ya CT scan, unaionaje kwa 3D?

Safari hii nimeyaweka pamoja maswali ya kitu kimoja maana yamekuja mengi mno: mtu kapiga CT scan au MRI, kapewa CD, sasa anataka kuona ile picha ya 3D, fuvu linazunguka kwenye skrini, mishipa ya damu inaonekana, kila kitu. Mengine nimeyafupisha, na majina yenu nimeyaacha.

Swali (intern, Mwanza): Shikamoo mtaalam. Nimepewa CD ya CT ya nyonga, mgonjwa wa ajali ya bodaboda, bosi anataka nimuandalie 3D kwa ajili ya kikao cha asubuhi. Nikifungua naona mafaili mia tatu na kitu, yanaitwa IM0001, IM0002 hivyo hivyo, hayana .jpg wala nini, Windows inaniuliza nifungulie na nini. Laptopu yangu ina RAM ya GB 8. Kuna programu ya bure?

Jibu: Marahaba daktari. Hayo mafaili ni DICOM, yaani muundo wa mafaili wa picha za hospitali, na majina ya namna hiyo ni kawaida kabisa, usiyabadilishe wala usichague machache, nakili folda nzima uiweke kwenye laptopu kwanza, CD zinasoma polepole na zikikwaruzika ndo basi tena. Kila faili ni slaisi moja ya mgonjwa, mara nyingi doti 512 kwa 512, na kila doti kiukweli ni namba. Hewa ni -1000, maji 0, mafuta yako kwenye -100 hivi, misuli 50 hivi, mfupa unaanzia mia mbili mia tatu unapanda mpaka elfu na zaidi. Hizo ndo namba za Hounsfield, zimepewa jina la Godfrey Hounsfield, injinia wa kampuni ya EMI ambaye mashine yake ilitumika kwa mgonjwa wa kwanza London tarehe 1 Oktoba 1971, akaja kupata Nobel mwaka 1979 pamoja na Allan Cormack, ambaye hesabu zake alizianza akiwa Cape Town. Nakwambia haya kwasababu 3D yote inakaa hapo: unaiambia programu ikuonyeshe kila doti yenye namba juu ya 250 tuseme, nyama inapotea, mfupa unabaki.

Laptopu yako inatosha. Slaisi moja ni kama nusu MB, mia tatu ni MB 150, na wanaotengeneza 3D Slicer wanashauri uwe na memori mara kumi ya data unayofungua, yaani hapo unahitaji GB 1.5 tu, funga brauza na vitu vingine uendelee. 3D Slicer ni ya bure, ilianza 1998 kati ya hospitali ya Brigham and Women's ya Boston na MIT, inakubali Windows, Mac na Linux. Ukiiona nzito au menyu zake zinakuchanganya jaribu InVesalius, nayo ya bure, ilianzishwa Brazil 2001 kwa ajili ya hospitali zao za serikali ambazo hazikuwa na hela ya kununua programu za bei kubwa, mi naipenda sana kwa hilo, inakupeleka hatua kwa hatua bila kukuzungusha.

Kwenye Slicer buruta folda nzima uidondoshe kwenye dirisha la programu, ikubali iingize kwenye database yake ya DICOM, afu utaona ndani ya kipimo kimoja kuna series kadhaa, yaani seti za slaisi. Hapa usikimbie. Kuna picha ya awali ya kupimia tu, kuna slaisi nene za milimita 5, kuna nyembamba za milimita 1 au chini ya hapo, we chukua nyembamba, hiyo ndo yenye mafaili mengi. Ikishafunguka nenda "Volume Rendering", washa kijicho, chagua preset ya CT-Bone, na kuna kitelezo kinaitwa Shift, ukikisogeza taratibu ngozi inayeyuka, misuli inafuata, mifupa inabaki. Usishangae kitu cha kwanza kuona ni kitanda cha mashine kimelala chini ya mgonjwa, na zipu ya suruali, na waya wa dripu, vyote vina namba kubwa kwahiyo vinajitokeza navyo. Vikate tu.

Sasa kwa nyonga kuna jambo moja litakalomfurahisha bosi wako kuliko rangi. Kama mvunjiko upo kwenye kikombe cha nyonga, kichwa cha mfupa wa paja kinakaa mbele yake kinakuziba, hata uzungushe vipi huoni ndani. Nenda "Segment Editor", tenganisha mfupa kwa "Threshold", ile ya kubakiza namba zilizo juu ya kiwango unachoweka, afu mfupa wa paja utoe uwe segmenti yake, unaukata kwa "Scissors" na kusafisha kwa "Islands", ukishauondoa pale unabaki na kikombe kitupu na mistari yote ya mvunjiko unaiona kwa ndani, kipande gani kimeenda wapi. Ni kazi ya subira, pale kwenye jointi nafasi ni milimita chache na kama slaisi ni nene mifupa miwili inashikana kabisa inakuwa kitu kimoja. Ila mpasuaji akiona hiyo picha anajua aingilie mbele au nyuma.

Na Slicer wenyewe wanaandika wazi kwamba programu yao haijaidhinishwa kwa matibabu, ni ya utafiti. Kwahiyo kwenye kikao fungua 3D upande mmoja na slaisi upande mwingine, na ripoti ya daktari wa radiolojia iwe mezani. Unachokiona kwenye 3D kirudie kwenye slaisi, kama kule hakipo usikitaje.

Swali (mama, Morogoro): Habari za kazi. Mwanangu wa miaka 7 alianguka kutoka kwenye mwembe, tukapelekwa CT ya kichwa. Kwenye karatasi walizotupa kuna picha ya rangi ya fuvu lake, na chini ya macho yote mawili nikaona matundu, kabisa mfupa haupo. Lakini ripoti inasema hakuna mfupa uliovunjika. Sijalala vizuri, niamini kipi, picha au ripoti?

Jibu: Pole sana mama, na huko kuchunguza kwako ni kuzuri, wazazi wengi wanaiweka bahasha kabatini bila hata kuifungua. Kwa ulichoeleza mi ningeamini ripoti, na nakueleza kwanini.

Sakafu ya jicho, yaani ule mfupa ambao jicho limelala juu yake, ni mwembamba mno, sehemu zingine haufiki hata nusu milimita. Chini yake kuna uwazi wa hewa, ule wa sainasi. Mashine inagawa kichwa kwenye vibox vidogo vidogo na kila kibox kinapewa namba moja tu. Sasa chukua kibox cha milimita 1 ambacho nusu yake ni mfupa wa +800 na nusu ni hewa ya -1000, wastani wake ni -100, yaani kompyuta inakisoma kama mafuta. Halafu imeambiwa ichore vyenye zaidi ya 250 tu. Kibox hicho kinaachwa, na pale kwenye picha linabaki tundu ambalo kwa mtoto halipo. Na matundu hayo yanapenda kutokea pande zote mbili kwasababu mfupa ni mwembamba pande zote mbili, kama ulivyoona wewe. Daktari aliyeandika ripoti hasomi hiyo picha ya rangi, anasoma slaisi moja moja kwa pande tatu, kule ule mfupa unaonekana kama uzi mwepesi wa kijivu hata kama 3D imeutupa. Kingine, kwa watoto fuvu lina maungio ambayo hayajafunga, kwenye 3D yanaweza kuonekana kama nyufa, nayo yasikutishe.

Ila mama, kuna kitu ambacho picha ya aina yoyote haikiwahi kama macho yako. Mifupa ya watoto inapinda, ile sakafu inaweza kufunguka kidogo ikabana msuli wa jicho ikajifunga tena, na CT ikaonekana karibu ya kawaida kabisa. Mkalishe, mwambie afuate kidole chako kwa macho bila kugeuza kichwa, juu, chini, kushoto, kulia. Jicho moja likigoma kupanda, au akisema anaona vitu viwili viwili, au anatapika na kulegea kila akitazama juu, mrudishe hospitali siku hiyo hiyo usisubiri kesho, na uwaambie hivyo hivyo nilivyoandika. Kama macho yanakwenda vizuri pamoja, basi ile picha isikunyime usingizi tena.

Swali (radiografa, Mombasa): Salaam. Wapasuaji wa mataya wananilalamikia, kila nikiwapa 3D ya taya inatoka ngazi ngazi, wanasema haifai hata kuprinti. Nimejaribu smoothing, yaani kuilainisha kwa programu, ikawa laini lakini wao wakasema sasa imekuwa mbaya zaidi. Tatizo ni programu?

Jibu: Aleikum salaam ndugu yangu. Programu haina kosa hapo. Angalia hesabu: eneo ulilopiga tuseme ni milimita 250, ukigawa kwa doti 512 kila doti ina nusu milimita, lakini slaisi zako nadhani ni za milimita 5, kwahiyo kila kibox kina nusu kwa nusu kwa tano, kirefu mara kumi kuliko upana wake. Hizo ngazi ndo hivyo vibox. Njia ya kuchora uso kutoka kwenye namba hizi ilichapishwa na Lorensen na Cline wa General Electric mwaka 1987 na mpaka leo programu nyingi zinaitumia, inapita kibox kwa kibox ikiweka vipembetatu, haiwezi kubuni kilicho katikati ya slaisi mbili. Na smoothing ndo inakula mstari wa mvunjiko, ule ufa mwembamba kabisa ambao mpasuaji anautafuta unapigwa pasi pamoja na ngazi, kwahiyo walikuwa na haki kulalamika.

Dawa iko kwenye konso yako, ile kompyuta ya mashine, na mgonjwa hapigwi mionzi tena. Kama mashine ni ya spairo, inayopiga kwa kuzunguka mfululizo, ile data ghafi bado ipo, rudia rikonstrakshen, yaani tengeneza slaisi upya, kwa milimita 1 au chini, na umbali kati ya slaisi uwe mdogo kuliko unene wake, mfano unene 1 kila 0.7, zipandane kidogo. Kwa 3D tumia filta laini, ile filta kali ya mfupa waachie wa kusoma ripoti maana ukiitumia kwa 3D uso unatoka na chenga chenga. Ila fanya hivyo mgonjwa akiwa bado yupo au siku hiyo hiyo, data ghafi mashine inaifuta yenyewe diski ikijaa, siku chache tu imeondoka, na hapo huna la kufanya. Hospitali nyingi slaisi nyembamba zinatengenezwa kabisa afu kwenye CD wanachoma zile nene ili kuokoa nafasi, hii inaniuma, mgonjwa kalipia, kapigwa mionzi, halafu kilicho bora kinabaki kwenye mashine kikafutwe.

Mambo mawili mengine. Ukipiga kichwa kwa gantri, ile pete ya mashine, ikiwa imeinama, baadhi ya programu zinapanga slaisi kana kwamba haikuinama na taya linatoka limepinda, hakikisha hilo kabla hujaituma. Na kama mgonjwa ana meno yaliyozibwa kwa madini, 3D itaota miiba kuzunguka meno, hiyo mara nyingi ni ya kufuta kwa mkono slaisi baada ya slaisi. Wakitaka kuprinti ili wakunje plate, lile bamba la kuungia mfupa, mapema kabla ya operesheni, waambie namba uliyotumia kutenganisha mfupa. Ukipandisha kutoka 250 kwenda 400 taya linakonda, ukishusha linanenepa, pima upana wake sehemu kama tatu kwenye slaisi kwa rula ya programu, afu upime sehemu zile zile kwenye modeli yenyewe kwa kalipa kabla haijaingia theatre.

Swali (mwanafunzi, Dodoma): Mbona nikifanya Threshold kwenye MRI ya ubongo napata ngozi ya kichwa na mafuta tu, mfupa hautoki na ubongo hautengani? CT inanikubali vizuri.

Jibu: Kwasababu MRI haina namba za Hounsfield. Kwenye CT namba ya maji ni 0 popote ulipo, kwenye MRI namba inategemea mashine, koili (ile antena inayowekwa karibu na mwili), na aina ya picha, na mfupa mgumu unatoka mweusi sawa na hewa, kwahiyo hakuna kizingiti kitakachokupa fuvu. Tumia "Grow from seeds", unachora kidogo ndani ya ubongo, kidogo nje, yenyewe inajaza. Au ingia kwenye Extensions Manager uongeze HD Brain Extraction, inatoa ubongo yenyewe. Na hakikisha una picha ya T1, moja ya aina za picha za MRI, iliyopigwa kwa 3D, yenye vibox vya milimita 1 pande zote. Kama huna data nzuri, Slicer ina "Sample Data", humo kuna MRHead na CTChest, fanyia mazoezi hapo kabla hujagusa za wagonjwa.

Swali (msomaji, Muscat): Assalam aleikum. Kaka yangu yuko Unguja kapigwa MRI ya kichwa na CT. Wamepiga picha zile filamu kwa simu zikiwa dirishani wakaturushia WhatsApp, daktari huku anasema hawezi kufanya chochote nazo. Tufanyeje, na kuna hatari gani kutuma?

Jibu: Waaleikum salaam, Mungu amjalie nafuu. Daktari kasema kweli. Filamu iliyopigwa picha dirishani haina tena zile namba, haina unene wa slaisi wala vipimo, imebaki mwanga na kivuli na mara nyingi kidole cha mtu. Mwambieni kaka aombe DICOM zote kwenye CD au flashi, na aseme wazi anataka na slaisi nyembamba, afu folda nzima izipiwe kwa paswedi, itumwe kama dokyumenti au kwenye hifadhi ya mtandaoni, paswedi mpeni daktari kwa njia nyingine, kwa simu tu inatosha.

Hatari ipo. Ndani ya kila faili kuna jina, tarehe ya kuzaliwa na hospitali. Kwa daktari anayemtibu jina lazima libaki, asije akachanganya wagonjwa, lakini kwenye magrupu ya familia msiweke kabisa, wala kwa mtu anayesema atawatengenezea 3D nzuri. Na hata jina likifutwa, kichwa kikitengenezwa 3D uso unaonekana: watafiti wa Mayo Clinic walionyesha mwaka 2019 kwamba programu ya kutambua sura iliwaoanisha watu 70 kati ya 84 na picha zao za kawaida, kwa kutumia MRI za vichwa vyao tu. Sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya Tanzania ya 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na ya Kenya ya 2019 vile vile, kwahiyo hata hospitali ikisita kidogo kuwapa msikasirike, nendeni na kitambulisho na barua ya kaka mwenyewe.

Swali (mwanafunzi wa akiolojia, Kilifi): Nasikia mifupa ya yule mtoto wa kale wa Panga ya Saidi, lile pango la huku Kilifi, nayo ilipigwa CT. Ni programu hizi hizi? Naweza kujifunza bila kuwa na mashine?

Jibu: Ndiyo, na hiyo ni kazi ambayo kila mtu wa pwani angepaswa kuijua. Ni kaburi la miaka kama 78,000, mtoto wa miaka miwili na nusu mpaka mitatu, watafiti wakampa jina Mtoto, na matokeo yakatoka kwenye jarida la Nature mwaka 2021. Mifupa ilikuwa imeoza kiasi kwamba ukiigusa inasagika, kwahiyo hawakuichimbua mfupa mmoja mmoja, walilizungushia plasta donge zima la udongo, likaenda makumbusho ya Nairobi, baadae Burgos Hispania. Huko ndo micro-CT ikaingia kazini, hiyo inaona vitu vidogo kuliko CT ya hospitali kwa mbali sana, wakamtoa kwenye kompyuta akiwa bado ndani ya udongo: kalala ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa kuelekea kifuani, na jinsi kichwa kilivyoegemea inaonyesha kiliwekewa kitu kama mto ambacho kilishaoza.

Misingi ni ile ile, ila kwako itakuwa ngumu zaidi kuliko kwa yule intern wa Mwanza. Mfupa wa zamani na udongo ulioushika namba zake zinakaribiana mno, ukiweka Threshold donge zima linatoka kama jiwe, kwahiyo kazi inakuwa ya kuchora mpaka kwa mkono, slaisi baada ya slaisi, na watu wawili wanaweza kuuchora tofauti. Ndo maana ukiandika ripoti yako eleza ulichora vipi, na palipokuwa na shaka paoneshe kwa rangi yake, usipafunike. Huhitaji mashine kuanza: ingia MorphoSource, hifadhi ya mtandaoni iliyoanzia Chuo Kikuu cha Duke, kuna data za vielelezo vya makumbusho, nyingine unashusha moja kwa moja, nyingine unaomba ruhusa. Anza na meno, enameli ina namba za juu inajitenga vizuri, ukishazizoea ndo uingie kwenye mifupa iliyooza.